Filimbi Kati ya Meno

Vikaratasi kumi na viwili vilikunjwa, vikatiwa ndani ya kofia ngumu ya kupandia jabali, kofia ikatikiswa kama mtu anayepepeta mchele, na Chiriku akaomba kimoyomoyo: yeyote, Mungu wangu, yeyote yule, hata mwalimu wa mitumbwi mwenye miguu inayonuka, lakini si yeye.

Mkufunzi Mkuu akachovya mkono. Alikuwa mama mfupi wa miaka hamsini na kitu, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, kalamu imechomekwa kwenye nywele, na sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Majeruhi wa kwanza," akasoma. "Chiriku."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mama, huyo?" mwalimu wa mitumbwi akadakia. "Majeruhi hatakiwi kutoa neno! Huyo kunyamaza kutamwua kabla ya kuanguka!"

Jina la Chiriku hakupewa bure. Alikuwa mtu wa kuongea tangu anapofunga viatu asubuhi mpaka anapofunga hema jioni. Kazi yake, kama ya wote waliokaa kwenye viti vile vya plastiki, ilikuwa kuwapeleka watoto wa shule nje: majabalini, mitoni, misituni, wakajifunze kuwa jasiri na kusaidiana. Aliwaongelesha wakipanda, akawaongelesha wakishuka. Wapo walioapa kwamba hata usingizini hutoa maelekezo: "Mguu wa kushoto juu kidogo, mwanangu, hapo hapo." Na kila mwaka walimu hawa walikutana siku tatu kwenye kituo hiki, kwa warsha ya kunoa ujuzi wao. Siku mbili zilipita kwenye bango kitita na mazoezi ya mafundo. Hii ilikuwa ya tatu, siku ya mtihani wa cheti cha uokoaji.

"Na mwokoaji wake," Mkufunzi Mkuu akafungua kikaratasi cha pili, "Nanga."

Hapo hakuna aliyecheka. Mmoja alikohoa. Wengine wakageuka kutazama nyuma, alikokaa kijana mrefu, mpana wa mikono, mchache wa maneno. Walimwita Nanga kwa sababu akikushikia kamba, hata uteleze vipi, huendi mahali. Miaka miwili alikuwa ameshika kamba ya Chiriku, mpaka watu wakaanza kuulizia tarehe ya harusi. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa hawajasemezana zaidi ya salamu.

"Mama, mimi naweza kubadilishana naye," mwalimu wa mitumbwi akasema kwa sauti ya chini. Maskini, alikuwa na roho nzuri.

"Hapa si sokoni. Umeona wapi majeruhi akachagua mwokoaji?" Mkufunzi Mkuu akashika filimbi yake nyekundu. "Sasa nisikilizeni, maana kila mwaka kuna mmoja anayejifanya kiziwi. Filimbi moja maana yake nini?"

"Ganda!" wakaitika.

"Filimbi mbili?"

"Endelea!"

"Na nani anapiga hizo mbili?"

"Aliyepiga ile moja!"

"Huyo huyo. Si jirani yake, si rafiki yake, si mimi. Aliyewagandisha ndiye anayewafungua."

Akapuliza ghafla, bila kuwatahadharisha. Mlio ulipenya masikio kama sindano, na walimu kumi na wawili wakaganda palepale, mikono juu, viganja wazi. Mwalimu wa mitumbwi alikuwa amekunja mguu kujikuna, akabaki kwa mguu mmoja kama korongo. Hata mpishi, aliyeonekana kupitia mlango wa jikoni, aliganda na mwiko hewani, mchuzi ukimdondokea kwenye kandambili.

Mkufunzi Mkuu akawaangalia mmoja mmoja, akaridhika, akapuliza mara mbili.

"Mimi pia, mama?" mpishi akalalamika. "Mimi ni wa jikoni!"

"Jabali likianguka litakuuliza kama wewe ni wa jikoni?"

Kicheko kikarudi. Chiriku naye alicheka, ila mikono yake chini ya meza ilikuwa imeshikana, mmoja ukiubana mwenzake.

*

Wakati wa chai simu ya Chiriku ililia. Alitoka nayo mpaka nyuma ya stoo ya vifaa.

"Yupo huko?" mama yake akauliza, hata kabla ya kupokea shikamoo.

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto."

"Yupo."

"Umeongea naye?"

"Salamu tu."

"Salamu tu. Dada yako naye alianza na salamu tu, na leo yuko hapa sebuleni na watoto wawili, anakunja nguo."

Chiriku akafumba macho. Hilo ndilo lililotokea. Kaka mkubwa wa Nanga alikuwa amemwoa dada mkubwa wa Chiriku, na kwa miaka sita nyumba hizi mbili zilitembeleana, zikacheka, zikagawana watoto siku za mapumziko. Kisha siku moja, katikati ya juma, kaka mtu akatuma ujumbe wa simu wenye maneno saba: Nimechoka. Chukua vitu vyako. Watoto tutaongea baadaye. Mama aliyahesabu maneno yale. Kila akisimulia habari ile, aliyahesabu tena kwa vidole. Na jioni ile ile alimkalisha Chiriku kitandani kwake, akamshika kidevu, akamwambia, "Niambie kwa mdomo wako." Na Chiriku, dada yake akilia chumba cha pili, akasema kwa mdomo wake: Sitaolewa nyumba ile.

Nanga alikwenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza mama hakutoka chumbani. Mara ya pili mama alimkaribisha, akampa kiti, akampa maji ya kunywa, akamwacha amalize glasi nzima, ndipo akamwuliza kwa upole, "Na kaka yako hajambo?" Nanga aliinuka akaaga.

"Mama, leo nina mtihani," Chiriku akasema. "Naomba unitakie heri."

"Mimi nakutakia heri kila siku, mwanangu. Ndiyo maana nakupigia."

Kukasikika purukushani, kisha sauti ya dada yake, ya haraka haraka: "Mdogo wangu, usiibebe kesi yangu. Mimi niliachwa na mtu mmoja, sikuachwa na ukoo. Unanisikia? Yule kijana alikuja kunisaidia kubeba makabati wakati kaka yake..."

"Lete simu hapa!" Mama akairudisha. "Huyo moyo wake bado laini, hata yule aliyemtupa anamwombea. Wewe unakumbuka uliniahidi nini?"

"Nakumbuka."

"Basi. Kula vizuri."

*

Ndani ya stoo, Nanga alikuwa amekwisha kuzitandaza kamba sakafuni. Mshipi wa kupandia wa Chiriku ulikuwa umening'inizwa peke yake kwenye msumari, mikanda yake imelegezwa kwa kipimo chake. Alikuwa bado anakikumbuka kipimo chake. Chiriku alipoona hivyo alitamani kuuvuruga.

Kuna kazi ambazo watu wawili walioachana wakizifanya wanaweza kukwepana. Hii siyo. Kabla hujapanda, mwenzako lazima akukague kwa macho na kwa mkono, pete kwa pete, mkanda kwa mkanda, na lazima mtamke. Hakuna mwalimu anayepanda bila hivyo, wakiwa wamenuniana au la.

"Mkanda wa kiuno?" Nanga akauliza, akitazama kifungio cha mkanda kana kwamba kimemkosea.

"Umekaza."

Akauvuta. "Wa mguu wa kulia?"

"Umekaza."

"Wa kushoto?"

"Umekaza. Nanga, tufanye haraka."

"Fundo?"

Lilikuwa fundo lenye umbo la namba nane, limelala vizuri kifuani. Alilifuata kwa kidole, uzi kwa uzi, kama mtu anayesoma. Kidole kilipofika mwisho hakikuondoka mara moja. Chiriku akainua macho, akakosea, kwa sababu Nanga naye alikuwa ameinua yake. Walitazamana kwa muda wa mtu kumeza mate. Pembeni ya kidevu cha Nanga kulikuwa na kovu dogo, la mwaka mmoja alipochubuliwa na jabali. Chiriku ndiye aliyelisafisha na dawa, huku akiongea bila kituo.

"Kitendawili," Nanga akasema ghafla.

Ulikuwa mchezo wao wa zamani, wa kutoa woga kabla ya kupanda. Chiriku hakutaka kuitika. Mdomo ukaitika wenyewe. "Tega."

"Kina mdomo hakina ulimi, kinapumua pumzi ya kuazima."

"Hiyo nyepesi mno." Akaishika filimbi ya majeruhi, nyekundu kama ya Mkufunzi Mkuu, iliyofungwa shingoni mwake. "Filimbi. Umechoka siku hizi, vitendawili vya watoto."

"Nilitaka tu kukusikia ukijibu," Nanga akasema. "Huko juu hutajibu."

*

Masharti yalikuwa haya, na Mkufunzi Mkuu aliyasoma chini ya jabali huku wengine wamekaa kwenye majani. Majeruhi ananing'inia katikati ya jabali, mita kumi na tano kutoka chini. Hasemi, hajisogezi, hajisaidii, amezimia. Filimbi iko kati ya meno yake kwa hatari ya kweli tu. Ikilia, zoezi limekufa, na mwokoaji ameanguka mtihani mpaka warsha ya mwaka ujao. Mwokoaji anashuka kutoka juu, anamfunga majeruhi kwake, anamfungua kwenye kamba yake ya zamani, anashuka naye. Dakika ishirini na tano. Na muda wote huo mwokoaji haruhusiwi kunyamaza, kwa kuwa mtu aliyezimia bado anaweza kusikia.

"Sijali mnachoongea," Mkufunzi Mkuu akamalizia. "Kutoka hapa sisikii, naona midomo tu. Mwambie hata bei ya vitunguu. Lakini mdomo usisimame."

Basi Chiriku akatundikwa pale juu, kichwa kimeinama, mikono inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Upepo ulimzungusha kidogo, ukamrudisha. Meno yaliishika filimbi, na plastiki ilikuwa na ladha ya sabuni. Hakuwahi kukaa kimya muda mrefu namna ile tangu azaliwe. Miguu ilianza kufa ganzi.

Kokoto ndogo zikadondoka. Kisha viatu vya Nanga, kisha magoti, kisha yeye mwenyewe.

"Habari. Naitwa Nanga, ni mwokoaji," akasema kwa sauti ya kitabuni. "Nimekuja kukushusha. Niko kulia kwako. Usijisogeze. Sasa nashika mshipi wako. Sasa nakufunga kwangu."

Pete ya chuma ikalia *tik*. Chiriku akausikia uzito wake ukihama, polepole, kutoka kamba yake kuingia kwenye kamba ya Nanga. Mgongo wake ukaegemea kifua kile. Miezi tisa. Mwili haukuomba ruhusa kwa mtu. Ulikumbuka tu, ukakaa.

Nanga akanyamaza.

"Ongea, Nanga!" sauti ikapanda kutoka chini. "Mdomo hautembei!"

"Naongea, mama!" Akavuta pumzi. Sauti iliyofuata haikuwa ya kitabuni. "Chiriku. Sikupanga kukwambia huku. Nilipanga kukwambia siku ya kwanza, ukahama meza. Nikapanga kukwambia jana, ukajifanya unakunja kamba iliyokwisha kukunjwa."

Akafungua fundo la kwanza.

"Kuna shule ya milimani. Mbali, siku mbili kwa gari. Wanataka mtu mwenye cheti hiki. Mwaka juzi nilikikosa kwa dakika mbili, mwaka jana mvua ikanitoa. Gari lao linakuja leo saa kumi kuwachukua walioomba, wakifaulu. Mkataba ni miaka mitatu. Begi langu liko tayari chini ya kitanda."

Chiriku alifumbua macho. Aliona jiwe, na mstari wa chungu wakipanda kwenye ufa, kila mmoja na mzigo wake.

"Nisikilize, naomba. Hiyo filimbi iko mdomoni mwako. Ukitaka nibaki, ipige. Nitakuwa nimeanguka, gari litakwenda bila mimi, na mimi kesho nitakwenda kwa mama yako mara ya tatu. Akinipa maji nitakunywa, akiniuliza kaka yangu nitamjibu. Ukitaka niende, usifanye kitu. Sitakulaumu. Nakuapia."

*Tik*. Pete ya mwisho ikafunguka. Kamba ya zamani ya Chiriku ikaachia, ikayumba pembeni peke yake. Sasa alikuwa anashikiliwa na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa anauliza kama aende.

"Tunashuka. Mita kumi na tano."

Hasira ndiyo iliyotangulia. Mwanamume gani huyu, anamfunga mtu mikono na miguu ndipo anamwuliza? Nyuma ya hasira ikaja pumzi, pana, ya moto, ikajaza kifua mpaka mkanda ukabana. Ilikuwa rahisi kuliko kitu chochote alichowahi kufanya. Hata neno halikuhitajika. Ni kupumua tu.

"Mita kumi na mbili."

Piga, moyo ukasema. Halafu akauona mstari wa wino ukipita juu ya jina la Nanga kwa mara ya tatu. Akamwona mama yake, vidole vimekunjuliwa, anahesabu maneno saba, na pembeni yake anaongeza la nane. Niambie kwa mdomo wako. Mdomo ulikuwa huu huu mmoja. Ungewezaje kusema hivi pale kitandani na vile hapa jabalini?

"Mita tisa. Chiriku, bado tisa."

Chozi likatoka, likashuka pembeni ya pua, likamwasha. Majeruhi hajifuti. Nanga akalifuta kwa mgongo wa glovu.

"Vizuri!" Mkufunzi Mkuu akapaza sauti huko chini, akiandika. "Anamfuta majeruhi jasho! Mnaona, wenzake? Utu!"

"Mita sita," Nanga akasema, na kamba katika mkono wake ikaanza kwenda taratibu zaidi, taratibu mno, kama mtu anayemwaga maji na hataki yaishe. "Tano. Bado tano."

Pumzi ilifika kooni. Ikakaa pale. Alijaribu kuisukuma mbele haikwenda, akajaribu kuimeza haikushuka. Aliwafundisha watoto mamia kwa mamia: ukiogopa, chagua kitu kimoja, ukifanye. Sasa kila alichokigusa kilikuwa na mtu anayelia upande wa pili.

"Tatu. Mbili." Sauti ikakatika. "Moja, Chiriku."

Kisigino chake kikagusa majani.

Hakuwa ameamua. Mpaka leo ukimwuliza atakwambia hivyo. Ardhi ndiyo iliyoamua, ilifika kabla yake.

"Zoezi limekwisha!" Mkufunzi Mkuu akabonyeza saa. "Dakika ishirini na moja! Nanga, hongera, cheti chako hicho. Na majeruhi! Miaka kumi na minane naendesha warsha hizi, sijaona majeruhi aliyelegea namna hii. Mpigieni makofi Chiriku!"

Wakapiga makofi. Mwalimu wa mitumbwi akapiga vigelegele vya kike, watu wakacheka. Chiriku akaitoa filimbi mdomoni. Meno yalikuwa yameacha alama mbili kwenye plastiki, moja juu, moja chini.

*

Jozi nyingine zilipomaliza mitihani yao, Chiriku alimkuta Nanga stoo akikunja kamba. Alikuwa ameweka viatu vya milimani karibu na begi mlangoni.

"Ungeniuliza chini," Chiriku akasema.

"Chini kuna simu yako."

"Nanga!"

"Ni uongo? Chini nikikuuliza ananijibu mama. Nilitaka siku moja tu unijibu wewe."

"Nikiwa nimefungwa kama mzigo? Ulinifunga kwanza, ndipo ukauliza. Ukanitwika mimi. Nikipiga nimekuvunjia kazi, nisipopiga nimekufukuza. Wewe ulibeba nini?"

Mikono ya Nanga ikasimama. "Nilikubeba wewe," akasema polepole. "Mita kumi na tano. Sijawahi kubeba kitu kizito hivyo."

Chiriku akakaa juu ya rundo la jaketi okozi.

"Ningepiga, ungefurahi?"

"Ningefurahi."

"Na mwakani? Ukiamka asubuhi ukaniona, ungeona nani? Si ungemwona mtu aliyekukata kamba?"

Nanga akaiweka kamba chini.

"Sijui," akasema. "Sitaki kukudanganya." Akaja, akachuchumaa mbele yake, macho kwa macho. "Lakini cheti ninacho sasa. Hakuna anayeanguka tena. Sema tu. Hapa hakuna filimbi, hakuna sheria, hakuna anayekutazama. Nibaki?"

Nje, honi ikalia. Gari la shule ya milimani lilikuwa limefika kabla ya muda.

Chiriku akafungua mdomo. Mtu aliyeweza kumwongelesha mtoto anayetetemeka mpaka akacheka, mtu aliyewahi kubishana na mvua, akatafuta neno moja na hakulipata. Dada yake alimwambia usiibebe kesi yangu. Mama alimwambia kula vizuri. Wote wawili walikuwa wanampenda, na wote wawili walikuwa ndani ya koo lake, hawampishi.

"Umesahau kufunga kamba za viatu vyako," akasema mwishowe. "Zitajinasa kwenye mlango wa gari."

Nanga akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha wala ubaya, akaviokota viatu, akazifunga kamba pamoja fundo zuri, akavitundika begani.

"Ukikagua wanafunzi," akasema mlangoni, "usisahau mguu wa kushoto. Huwa unausahau."

"Siusahau."

"Unausahau. Nilikuwa naukagua mimi nyuma yako."

Akatoka.

*

Honi ikalia tena. Uwanjani watu walikuwa kwenye shughuli zao za mwisho wa warsha: mwalimu wa mitumbwi anabeba makasia mawili mawili, wengine wanakusanya viti, Mkufunzi Mkuu anazunguka na boksi akidai vifaa vyake. "Kofia kumi na mbili. Filimbi nina kumi na moja. Nani amebaki na filimbi yangu?"

Chiriku alisimama kwenye kizingiti cha stoo. Alimwona Nanga akimpa mkono Mkufunzi Mkuu, akimpa mkono mpishi. Alimwona akiinama kuingia, begi likimtangulia. Mlango ukafungwa. Vioo vilikuwa vimepandishwa kwa ajili ya vumbi, na redio ya dereva ilikuwa ikipiga muziki kwa nguvu.

Gari likaanza kutembea. Likapita kwenye bomba la maji. Likapita kwenye mlingoti.

Hapo ndipo ile pumzi, iliyokwama kooni tangu mita tano, ikajifungua yenyewe. Mkono ukaileta filimbi mdomoni, meno yakapata alama zake, na Chiriku akapuliza. Alipuliza kwa kifua kizima, kwa miezi tisa yote, mlio mmoja mrefu uliogonga jabali ukarudi.

Uwanja mzima ukaganda.

Mwalimu wa mitumbwi aliyaachia makasia, mikono juu, viganja wazi. Waliobeba viti wakaviacha vianguke. Mpishi alisimama mlangoni mwa jikoni na sufuria tupu kichwani, hakuishusha. Mkufunzi Mkuu mwenyewe, mguu mmoja mbele, boksi limening'inia mkononi, akawa kama aliyechongwa. Walikuwa watu waliofunzwa vizuri. Hakuna aliyeuliza kuna nini.

Gari tu halikusikia. Lilikwenda na vioo vyake vimefungwa mpaka kwenye lango kuu, likawasha taa ya kulia, likapinda, vumbi likasimama pale lilipokuwa.

Nao wakabaki vilevile, mikono juu, wote wamemgeukia Chiriku, wakimsubiri apulize zile mbili za kuwafungua. Kwa sheria, hakuna mwingine aliyeweza. Filimbi ilikuwa bado kati ya meno yake. Akavuta pumzi, akavuta tena, na pumzi haikuja.